MTOTO WAKO SI MZEMBE, HAONI (Sehemu ya 1 hadi ya 3)

SEHEMU YA 1

Leo siongelei uji wa lishe. Leo nina hasira, na naanza na mimi mwenyewe.

Mimi ni nesi. Nimepima watoto uzito sijui wangapi, nimechoma chanjo, nimedondosha vitamini A kwenye midomo ya watoto wa watu miaka yote hii. Na binti yangu wa kwanza amefika miaka 6 na nusu jicho lake la kushoto halioni sawasawa, mimi mama yake sina habari.

Nilijuaje? Vumbi. Nyie wa Sanya Juu mnalijua vumbi letu la kiangazi. Tulikuwa tunasubiri gari la kwenda Boma Ng'ombe, asubuhi, mlima umefunguka wote, theluji ya Kibo inang'aa. Vumbi likamwingia jicho la kulia, akalifunika na mkono. Nikataka kumbembeleza, nikamwambia, "Hebu angalia mlima leo ulivyo mzuri." Akanijibu, "Siuoni mama, mpaka nitoe mkono."

Nikajua ananitania. Nikarudi hatua chache, nikamwonyesha vidole. Akabahatisha. Nikabadilisha, akabahatisha tena.

Sasa ngoja niwaambie kinachoniuma. Mwaka mzima nyumbani tulimwita mzembe. Akimimina chai, inapita pembeni ya kikombe. Akisoma, anaruka mstari. Akishuka ngazi, anapapasa kama bibi. Shule wakaandika hana umakini. Mimi nimemfinya kwa ajili ya hiyo chai. Mkono huu huu unaoandika hapa.

SEHEMU YA 2

Tulienda KCMC, Moshi, kitengo cha macho. Wakamwekea matone ya kupanua mboni, tukakaa kwenye benchi tukisubiri dawa ifanye kazi, wakampima. Jicho la kushoto lina tofauti kubwa na la kulia. Kwa nje macho yote mawili ni mazuri, meusi, yanacheka.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hawajui. Mtoto hazaliwi anajua kuona. Ubongo unajifunza kuona miaka ile ya mwanzo, kwa picha unazoletewa na macho. Jicho moja likileta picha ya ukungu, ubongo unaliacha, unatumia lile zuri tu. Ndiyo tunaita jicho vivu. Ukiwahi, unampa miwani, na jicho zuri unalifunika kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kadiri miaka inavyosogea, hasa akishapita 7 au 8, kazi inakuwa ngumu na matokeo yanapungua. Ukija naye yuko form two, hata miwani ya bei gani inaweza isirudishe kilichopotea.

Na usisubiri akwambie. Atakwambia nini? Hajawahi kuona vingine. Yeye anadhani dunia ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Sasa nije kwenye maneno yetu. "Kengeza ni la ukoo." Haya, na kisukari cha ukoo mbona mnakitibu? "Kengeza ni urembo." Mama, mtoto wa zaidi ya miezi 4 ambaye jicho moja linaenda kivyake anatakiwa aonwe na mtaalamu, huo urembo tutauongelea baadaye. "Ataacha akikua." Kwa mtoto mwenye jicho vivu, kukua ndiko kunakomalizia muda wake.

Halafu kuna "miwani inaharibu macho". Hili nimelisikia hata kwa watu wenye digrii. Kuna utafiti ulifanywa kwa wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam, ukachapishwa 2008. Hata wale waliopewa miwani bure, baada ya miezi 3 chini ya nusu ndio walikuwa wanaivaa au wanayo shuleni. Bure! Sasa hapo tusisingizie bei. Mtoto anaitwa "macho manne", anarudi nyumbani analia, na sisi tunamwambia basi iache.

SEHEMU YA 3

Wengi mmeniambia, "nesi, hela iko wapi?" Najua. Nauli ya Moshi ni hela, miwani ni hela, siku ya shamba ikipotea ni hela. Sibishi. Lakini mimi ni mtu wa huku huku, nimekula kwenye kipaimara zenu. Maturubai, muziki, mbuzi, kamati inakaa miezi mitatu na kadi za michango zinazunguka ukoo mzima mpaka kwa shemeji aliyeko Mwanza. Mtoto huyo huyo anapita katikati ya maturubai anajikwaa kwenye kamba, watu wanacheka. Kamati hiyo inashindwaje kuchanga miwani?

Na kumjua hakuna gharama. Funika jicho moja kwa kiganja, vidole visiachane maana watoto wanachungulia. Mwonyeshe kitu cha mbali, mgomba, ng'ombe, jina la duka. Hamia jicho la pili. Kwa mtoto mchanga, mfunike taratibu: ukifunika la kulia ametulia, ukifunika la kushoto analia na kukusukuma mkono, huyo anakwambia lile la kushoto ndilo analolitegemea. Usikae nalo.

Ukiona weupe ndani ya mboni, au kwenye picha ya simu yenye flashi jicho moja linatoka jeupe, hapo usisubiri hata wiki iishe. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na watoto wanazaliwa nao. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na hiyo haichukui jicho tu, inachukua mtoto. Usidondoshee maziwa ya mama, wala majani ya bibi. Huku kwetu ni KCMC. Walioko Dar kuna CCBRT na Muhimbili.

Wenzangu wa kliniki, msinikasirikie. Tunamning'iniza mtoto kwenye mzani, tunaweka nukta kwenye kadi, "mama mwingine!" Kumulika mboni mbili kwa tochi kunachukua muda gani? Na walimu wa darasa la kwanza, kabla ya fimbo, mhamisheni kwanza akae mbele uone.

Binti yangu sasa anafunikwa jicho saa 2 kila jioni. Analia, anabandua, tunabandika tena. Jana alimimina chai. Nusu ilimwagika, na hakuna aliyesema neno.

Alhamisi nipo zamu ya asubuhi. Kama unaogopa kumfunika mwenyewe, mlete, nitamfunika mimi.