Hiari Iliyo Amri

Kiswahili humwita kila raia wa Urusi Mrusi. Warusi wenyewe wana maneno mawili: russkiy, Mrusi wa nasaba, na rossiyanin, raia wa kabila lolote. Kwangu mimi mwanaisimu, humo ndimo ulimojificha mgawanyiko wao.

Mwaka wa 2018, sheria iliyotiwa saini na Rais Vladimir Putin ilifanya masomo ya lugha za wachache, kama Kitatari, kuwa ya hiari. Mwaka wa 2019, msomi Albert Razin alijichoma moto mjini Izhevsk akiitetea lugha yake, Kiudmurti, akafariki.

Walimu wenzangu, ni mzazi gani atakayechagua somo hilo, hali mtihani wa kuingilia chuo kikuu ni kwa Kirusi? Hiari hiyo ni amri iliyovishwa joho. Nchi haiunganishwi kwa kuwakata wananchi ndimi.