Namba ya Simu Si Hesabu

Wateja wetu wenye biashara hutuuliza swali hili kila mara: "Mbona stetimenti yenu imeharibika?" Mtu amepakua miamala ya mwezi, akafungua faili ya CSV kwa Excel, na mahali pa namba ya simu yenye tarakimu 12 anaona 2.54712E+11.

Faili haijaharibika. Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni za kujumlishwa, basi inazifupisha. Namba inayoanza na 07 hupoteza sifuri ya mbele. Namba ndefu kuliko tarakimu 15 hugeuzwa sifuri huko mwishoni.

Sisi tunaona kanuni ni moja tu: kama huwezi kuijumlisha, si hesabu. Namba ya simu, ya akaunti na ya kitambulisho ni kama majina. Ziingize kama maandishi.

Wengine husema, "Si nitarekebisha baadaye?" Hapo ndipo shida inaanza. Ukisevu faili hiyo tena kama CSV, Excel huandika kile kinachoonekana. Ukiifungua tena, wafanyakazi wengi ambao namba zao zinaanza na 254712 wana namba moja: 254712000000. Sasa fikiria hiyo ndiyo orodha ya kulipa mishahara.

Kwa hivyo usiifungue faili kwa kuibonyeza mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda "Data", chagua "From Text/CSV", kisha "Transform Data". Bonyeza alama iliyo kando ya jina la safu ya simu, uchague "Text". Ikikuuliza, chagua "Replace current"; ukiongeza hatua mpya tu, sifuri iliyopotea hairudi. Maliza na "Close & Load".

Kiasi cha pesa ni kinyume: hicho ni hesabu kweli. SUM ikikupa 0 na pesa unaziona, jua zimeingia kama maandishi, pengine kwa sababu ya "Ksh" iliyo mbele. Ondoa hayo maneno, safu iwe "Decimal Number".

Na tafadhali, usiandike namba upya kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaenda kwa mtu usiyemjua. Faili uliyopakua iache ilivyo, fanyia kazi kopi, na kabla ya kulipa linganisha namba mbili tatu na stetimenti. Ni dakika chache tu.