Vazi la kinga lisingoje jina la ugonjwa

Kila kunapotangazwa ugonjwa hatari upande wa Uganda, hatua zinazochukuliwa huku Kitale na Bungoma huwa ni zile zile. Maafisa wa afya hutumwa Suam na Lwakhakha kupima joto la wasafiri, na katoni za glavu na mavazi meupe hupakiwa magarini. Mkurupuko ukiisha, wasiwasi nao huisha. Utaratibu huu unadhania kwamba mgonjwa wa kwanza atafika hospitalini akilijua jina la ugonjwa wake. Historia ya Mlima Elgon, ambao wazee wa Kibukusu huuita Masaba, yatuonyesha kinyume.

Mnamo Januari 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua baada ya kuzuru pango la Kitum, lile ambalo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi. Alifikishwa Nairobi akiwa mahututi. Daktari Shem Musoke alipokuwa akipigania uhai wake, damu na matapishi yalimrukia. Siku tisa baadaye daktari naye akaanza kuugua. Ulikuwa ni ugonjwa wa Marburg, uliopewa jina la mji wa Ujerumani ambako, pamoja na Frankfurt na Belgrade, watu 31 waliugua mwaka 1967 na 7 wakafa, chanzo kikiwa tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Musoke alipona. Mgonjwa wake alikufa saa chache tu baada ya kulazwa, kabla ya yeyote kujua alichougua.

Oktoba 2017 Marburg ilizuka tena katika wilaya ya Kween, Uganda, kwenye miteremko ya mlima huo huo. Watu watatu wa ukoo mmoja waliugua na wote wakafa. Mmoja wao alikuwa amevuka mpaka na kuingia Kenya kabla ya kufa, ikabidi waliokutana naye watafutwe. Na Januari 2025 muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyekuwa na Ebola, alitafuta matibabu mahali kadhaa, ikiwemo hospitali ya Mbale, kabla ya kufariki tarehe 29. Mkurupuko ulitangazwa kesho yake. Kutoka Mbale hadi Bungoma si safari ya nusu siku.

Yatosha kusema kwamba hatari haimngojei daktari bingwa. Humkuta kwanza muuguzi wa zahanati, mwenye foleni ya watu wenye homa, ambao baadhi yao wana malaria.

Lakini kuwa na vazi ni nusu ya jambo. Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kulivaa, ilhali hatari kubwa zaidi imo katika kulivua. Baada ya muda usiozidi saa moja mhudumu aliye ndani ya vazi zima, mabuti ya mpira na miwani, huwa amelowa jasho, miwani imeingia ukungu, na hamu yake ni kutoka. Hapo ndipo mkono hupanda usoni kujifuta. Kanuni zataka avue polepole, kipande baada ya kipande, huku akiosha mikono iliyoglaviwa kwa maji ya klorini kila hatua, barakoa ikiwa miongoni mwa vitu vya mwisho, na mwenzake akimtazama na kumtajia kila hatua kwa sauti. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja, mwenzake huyo ni nani?

Na kipande kimoja kikikosekana, vingine havitoshi. Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, aliyeongoza vita dhidi ya Ebola mwaka 2000, husimuliwa kuwa alikimbilia usiku kumsaidia muuguzi aliyekuwa akifa, akiwa na glavu, barakoa na joho, ila hakufunika macho. Alifariki Desemba 5 mwaka huo.

Walimu wa sayansi waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa gharama ndogo. Mpake mwanafunzi masizi yaliyochanganywa na mafuta juu ya glavu, kisha mwambie azivue. Darasa zima litaona doa lilipoishia. Wanafunzi wa vyuo vya mafunzo ya utabibu, Kitale na Bungoma, wanastahili kurudia zoezi kama hilo mara nyingi, wala si mara moja kabla ya mtihani.

Kuhusu fedha, sitasema mengi. Korona ilipoingia mwaka 2020, shirika la kununua dawa, KEMSA, lilinunua vifaa vya kinga vya mabilioni ya shilingi kwa bei ya juu mno, na shehena kubwa ikabaki ghalani bila mnunuzi huku wauguzi wakilalamika kwamba hawana barakoa. Julai mwaka huo Dakta Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini kuuawa na korona, alizikwa Ndalu, Bungoma, na watu waliovaa mavazi ya kinga.

Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013, na bajeti hupitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Wawakilishi wa wadi za mpakani, tangu Cheptais hadi Endebess, hawana haja ya kudai mahema na mitambo. Nawaulize: kila zahanati iliyo kando ya mlima ina seti ngapi kamili, macho yakiwemo, ina chumba cha kumtenga mgonjwa anayetiliwa shaka, na ni lini mara ya mwisho wahudumu wake wawili walisimama pamoja wakafanya zoezi la kuvua?