Imbwa si Kiswahili kilichovunjika

Juzi kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa, mama mmoja alikuwa anaongea Kinyakyusa kwenye simu. Likapita neno "imbwa". Kijana jirani yangu, msomi kabisa, akacheka: "Hawa nao! Wamechukua mbwa wetu wakamwongezea i."

Jamani, hii hoja nimeichoka. Mnyakyusa anasema imbwa, Mhehe imbwa (ule utani wa Wahehe na mbwa tuuache kwanza), Mnyarwanda imbwa, Mganda embwa. Kilingala, kule mto Kongo, ni mbwa. Wote hao walikaa darasa gani la Kiswahili? Neno la kuazima tunalijua lilivyo: farasi, hilo tumelitoa kwa Waarabu. Mbwa tumemrithi. Wanaisimu huandika shina lake la kale -bua, na nyota mbele, maana yake hakuna aliyelisikia. Limefikiwa kwa kulinganisha lugha ndugu, kazi ambayo Carl Meinhof aliichapishia kitabu tangu 1899. Malcolm Guthrie naye alipozipa lugha namba, Kiswahili kikawa G42, Kihehe G62. Kundi moja, si mzazi na mtoto.

Tena hiyo i inayochekwa ni irabu ya mwanzo ya zamani. Nyanda za Juu wameitunza, Kiswahili ndicho kilichoidondosha. Sasa nani kavunja?

Nilimwambia yote hayo. Akashuka Makambako bado anatabasamu. Mama alikuwa angali kwenye simu, ila sasa kwa kunong'ona.