Timu za vyuo Katavi zinahitaji msimu, si bonanza

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

WAPENZI wa soka wa Mkoa wa Katavi wamezoea kusikia vigelegele kutoka kwa jirani. Agosti 2, 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho ilipigwa katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, na Simba ikaifunga Namungo mabao 2-1. Mwaka uliofuata, Julai 25, 2021, fainali ilipelekwa Kigoma katika Uwanja wa Lake Tanganyika, ambako bao pekee la kiungo Mganda Taddeo Lwanga liliipa Simba ubingwa mbele ya Yanga.

Rukwa na Kigoma zote zinapakana na Katavi. Mwaka 2023 Kigoma ikapata tena neema pale Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu, na Tabora, jirani mwingine, nayo ikaingiza timu yake katika msimu huo huo. Katavi haijawahi kuwa na timu Ligi Kuu hadi msimu wa 2025/26.

Kisingizio cha uchache wa watu hakina nguvu tena. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa huu, uliokuwa umemegwa kutoka Rukwa mwaka huo huo, ukiwa na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Idadi imeongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana. Swali la msingi, basi, ni wapi vipaji vya vijana hao vinakopotelea.

Kwa mtazamo wa uchambuzi huu, pengo kubwa liko katika miaka ya chuo. Mtoto wa shule ya msingi anayo UMITASHUMTA, na wa sekondari anayo UMISSETA. Mashindano hayo yana kasoro zake, lakini yana ngazi zinazoeleweka: shule, wilaya, mkoa, kisha taifa. Kijana wa Katavi aliyechaguliwa kwenda Mtwara mwaka 2021 alisafiri zaidi ya kilomita 1,500 kuonyesha kipaji chake. Akimaliza sekondari, ngazi hiyo inakatika.

Si kwamba vyuo havina michezo. Vyuo vya elimu ya juu vina SHIMIVUTA, na vyuo vikuu vina chama chao, TUSA. Tatizo ni mfumo. Timu hukusanyika katika kituo kimoja, hucheza mfululizo kwa siku chache, kombe hutolewa na wanamichezo hurejea madarasani. Timu ikifungwa mechi mbili za awali, mwaka wake umekwisha. Hayo ni mashindano, na hayawezi kuitwa msimu.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Msimu humlazimu mchezaji kufanya mazoezi kila wiki, kurekebisha Jumamosi hii kosa la Jumamosi iliyopita, na kujifunza kupoteza bila kukata tamaa. Kocha naye hupata muda wa kumjua mchezaji wake. Katika bonanza, mwenye mbio hung'ara na mwenye akili ya mpira hupita bila kuonekana.

Katavi ya leo ina vyuo vya kuanzia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Kibaoni, Mpimbwe, inayofundisha, pamoja na mengine, usimamizi wa rasilimali za nyuki. Mpanda kuna chuo cha VETA, na Nsimbo kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya. Mbali na hivyo, mkoa una vyuo vingine vya kati. Kwa pamoja vinakusanya vijana wa umri ule ule ambao klabu kubwa huwatafuta.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Timu tano zikicheza nyumbani na ugenini, kila timu itapata mechi nane na ligi nzima itakuwa na mechi 20. Safari zote ni za ndani ya mkoa, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, bila gharama ya malazi.

Hata hivyo, ni vema kukiri vikwazo. Cha kwanza ni mvua. Katavi hupata mvua za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na hicho ndicho kipindi ambacho wanachuo wengi wako masomoni. Kiangazi kinapokausha viwanja, wengi huwa katika mafunzo kwa vitendo au likizo. Ratiba ya ligi ya namna hii haiwezi kunakiliwa kutoka Dar es Salaam. Inabidi ianze mapema mara vyuo vinapofunguliwa, isimame mvua zinapokolea na wakati wa mitihani, kisha imalizike kabla wanachuo hawajatawanyika.

Kikwazo cha pili ni umbali. Kutoka Mpanda kwenda Kibaoni, barabara inayoelekea Sumbawanga hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Basi la wachezaji haliwezi kuchelewa uwanjani na kutegemea kurudi usiku wa manane kati ya tembo na nyati. Mechi za upande huo lazima zianze mapema. Ni jambo dogo kwenye karatasi, lakini ratiba zinazopuuza mambo madogo ndizo huishia katika mechi za mezani.

Kikwazo cha tatu, na kigumu zaidi, ni fedha. Hapa Waganda wana la kutufunza. Mwaka 2012 walianzisha ligi ya soka ya vyuo vikuu inayochezwa nyumbani na ugenini, na kampuni ya vinywaji ikajitokeza kuidhamini. Mdhamini hupenda kitu kinachorudi kila wiki katika viwanja vilivyojaa wanafunzi. Hawezi kujenga jina lake kwa tukio la siku tatu.

Nyumbani nako kuna mifano. Mbeya City, iliyolelewa na halmashauri yake, ilishika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14. Geita Gold ilimaliza ya nne msimu wa 2021/22, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mifano hiyo inathibitisha kuwa taasisi ya umma yaweza kulea timu. Lakini zote mbili ziliwahi kushuka daraja baadaye, ishara kwamba timu isiyo na chemchemi ya vijana nyuma yake hukauka.

Wasichana nao wasiachwe. Mpango wa Mpira Fursa, wa Karibu Tanzania Organization kwa kushirikiana na TFF, ulionyesha kuwa vyuo vya maendeleo ya wananchi vyaweza kuwa vituo vya soka la wanawake. Ligi ya vyuo Katavi ikianza, ratiba ya wasichana iandamane na ya wavulana, kwa basi moja na gharama moja.

Uamuzi uko mikononi mwa wakuu wa vyuo, chama cha soka cha mkoa na halmashauri. Hatua ya kwanza haihitaji uwanja mpya. Inahitaji kikao kimoja kabla ya mwaka wa masomo kuanza, kalenda za vyuo zikiwa mezani. Vinginevyo, kila mwaka utaleta vijana wapya vyuoni na kuwatoa wakiwa na vyeti mkononi, huku viatu vyao vya mpira vikiwa vimetundikwa wangali na miaka 22.