Ushauri wa Lishe Uanzie Jikoni

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapotoka kliniki, mara nyingi huondoka na vitu viwili: dawa na makatazo. Dawa zimeandikiwa kipimo na saa. Makatazo hayana kipimo wala saa: punguza chumvi, punguza mafuta, punguza wanga. Akifika nyumbani hukuta sufuria moja inayolisha familia nzima, na mpishi wake ni mtu ambaye hakuwapo kliniki. Baada ya wiki mbili za mboga zisizo na ladha, chumvi hurudi chunguni, na katika faili lake huandikwa kwamba hafuati masharti.

Katazo huondoa kitu bila kuweka kingine mahali pake. Kwa maoni yangu, ushauri wa lishe utafuatwa pale tu utakapotaja chakula kwa jina lake na namna ya kukipika. Wala hatuhitaji kuagiza vyakula hivyo kutoka mbali. Kila aliyesafiri nchini mwetu na kula kwa wenyeji amekutana na suluhisho ambalo jirani yake wa nyumbani hajawahi kulionja.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kiasi hicho hujumuisha chumvi iliyomo katika mkate, samaki waliokaushwa kwa chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi. Magadi yanayotiwa katika mlenda au maharage nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi, ingawa wagonjwa wachache huyahesabu. Sasa mpishi atie nini? Pwani wanalo jibu. Mchuzi wa samaki wa Tanga au Unguja hutiwa ukwaju, ndimu au embe bichi, pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Uchachu na harufu ya viungo huupa ulimi kazi, na chumvi kidogo itiwayo mwishoni hutosha. Mkwaju huota hata Dodoma, mbali kabisa na bahari. Kinachokosekana bara ni mazoea ya kuutia katika mboga.

Bara nako kuna la kufundisha. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa asile ugali, katika nyumba ambayo ugali ndio chakula, ameambiwa asile. Afadhali aelekezwe Dodoma na Singida, kwenye ugali wa uwele na mtama usiokobolewa, uliwao kwa mlenda. Nyuzinyuzi za nafaka nzima na utelezi wa mlenda hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Hata hivyo, ugali wa mtama bado ni wanga, na kiasi ndicho cha kusisitizwa: robo ya sahani iwe ugali, robo iwe kunde, samaki au nyama, na nusu iliyobaki iwe mboga.

Mfano mmoja wa pishi la siku ya kawaida ni huu. Loweka kunde usiku kucha, mwaga maji, kisha zichemshe hadi ziive. Kaanga kitunguu na tangawizi kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya, changanya na kunde. Ipua, ndipo ukamulie ndimu. Ndimu hukamuliwa baada ya kuipua kwa sababu moto huharibu vitamini C, nayo vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kunde. Kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu, kikombe cha chai kingoje saa moja baada ya mlo, kwa kuwa chai huzuia ufyonzaji huo.

Wapo watakaosema kwamba chakula cha wengine si chakula chetu. Lakini mahindi, mihogo, karanga, nyanya na pilipili, vyote asili yake ni bara la Amerika. Chapati ilitufikia kutoka India. Chungu chetu kimekuwa kikisafiri kwa karne nyingi. Mgonjwa wa Moshi anayejifunza mlenda hasaliti mtori wake.

Chakula cha ugenini hujifunzwa pamoja na tahadhari zake. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Ndiyo maana wenyeji hutwanga kisamvu na kukichemsha kwa muda mrefu, na anayekijifunza ukubwani asiruke hatua hizo. Vilevile, mboga za majani, ndizi na maji ya dafu vina potasiamu nyingi, ambayo figo zilizodhoofika hushindwa kuitoa. Mgonjwa wa figo asibadili mlo wake kabla ya kuzungumza na daktari au mtaalamu wa lishe.

Najua pingamizi la wahudumu wenzangu: foleni ni ndefu, na wataalamu wa lishe ni wachache. Basi tuulize maswali matatu tu. Nani anapika nyumbani? Siku nyingi anapika nini? Sokoni kwenu wiki hii kuna nini? Majibu hayo huchukua dakika mbili, na humwezesha mhudumu kupendekeza badiliko moja linalowezekana badala ya makatazo kumi yasiyowezekana. Katika ziara inayofuata, aulize kuhusu badiliko hilo kama anavyouliza kuhusu dawa.

Nanyi wagonjwa, msije peke yenu. Mpishi wa nyumba, awe mke, mume, binti au msaidizi wa kazi, ana haki ya kusikia maelezo hayo kwa masikio yake, maana kijiko cha chumvi kimo mkononi mwake. Pishi hilo liwe la nyumba nzima, si la sufuria ndogo ya mgonjwa iliyotengwa pembeni. Chumvi inayomdhuru baba leo ndiyo inayomzoesha mtoto ladha atakayoitafuta maisha yake yote.