Mafigo Yakichoka, Moyo Hulemewa



Hapa Goma mgonjwa wa mafigo hutembelewa kwa ndizi, maharage na makayabu, ili apate nguvu. Ni tendo la huruma. Lakini laweza kumwua.

Mafigo huchuja damu. Yakishindwa kabisa, chumvi na maji hubaki mwilini. Tansiyo hupanda, na moyo hunenepa kwa kazi nzito, kama msuli wa mpagazi, hata uchoke. Tena chokaa hushika kuta za mishipa, nayo hukakamaa. Mwaka 1836 mganga Richard Bright wa London alieleza kwamba wengi waliokufa kwa ugonjwa wa mafigo walikutwa na moyo uliotanuka. Hata leo wengi wao huuawa na moyo.

Ndizi, maharage, parachichi na viazi vina potasi. Mafigo mabovu hayawezi kuitoa, nayo ikizidi huweza kuusimamisha moyo ghafula.

Je, tumnyime mgonjwa chakula? Hasha! Mwulizeni mganga kipimo chake cha chakula na cha maji. Viazi vikateni vidogo, vichemsheni katika maji mengi, kisha maji hayo myamwage. Makayabu yaacheni. Akivimba miguu, akikosa pumzi alalapo, au moyo ukipiga ovyoovyo, mpelekeni hospitalini siku ile ile.

Nawe mwenye tansiyo au kisukari, pimwa mafigo ungali na nguvu.

Tumwombee mgonjwa wetu kwa moyo wote; lakini chungu chake tukipike kwa akili.